Komando wa Nduguti

Bongo tuna mbwa wa aina mbili tu: mbwa mkali na mbwa koko. Mkali anafungwa mnyororo, koko anapigwa mawe. Sasa niwasimulie habari za mmoja aliyenimalizia likizo yangu yote.

Kwa watu wangu wa Dar mnaoijua Singida kwa kuku na alizeti tu: Nduguti ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Wilaya mpya maana yake majengo mapya, na majengo mapya maana yake mafundi, saruji na nondo. Na mbwa wa kuzilinda.

Mjomba wangu alimpangishia fundi mmoja uwanja wa kuwekea vifaa. Kazi ilipoisha jamaa alibeba mbao, akabeba nondo, akabeba hadi misumari iliyopinda. Mbwa akamwacha. Dume kubwa lenye damu ya German Shepherd, mnyororo wa mita moja na nusu, shingo imechubuka hadi nyama inaonekana, kupe wamejaa masikioni. Jina lake Komando. Uwanja mtupu, lakini yeye aliendelea kuulinda. Nani angemwambia kwamba zamu imekwisha?

Majirani wakampa mjomba wiki mbili: amwondoe au auawe. Siwalaumu. Watoto wanapita pale kwenda shule, na kichaa cha mbwa si hadithi. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya binadamu wanaopata ugonjwa huo huambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa. Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kimbilia hospitali ukapate chanjo. Usisubiri.

Kwa hiyo nilianza na bwana mifugo. Lakini mbwa asiyeshikika unamchanja vipi? Akaniambia: "Mdogo wangu, leo sindano hapana. Mlishe wewe mwenyewe, saa zilezile, kila siku. Usimkazie macho. Kaa chini, mgeuzie ubavu."

Basi saa 12 asubuhi na saa 12 jioni nikawa nampelekea ugali wa mtama na dagaa, nageuza ndoo, nakaa pale mnyororo usipofika, nasoma gazeti la juzi. Siku tatu za kwanza alibweka hadi sauti ikamkauka. Ya nne alikula nikiwa pale pale. Ya sita alijilaza huku ananitazama. Ya nane alikubali nimshike, nikamfunga mdomo kwa kipande cha khanga, akachanjwa. Tukamtoa kupe, tukasafisha kidonda. Mnyororo tukautupa, tukavuta waya kutoka mti hadi mti na kamba yake ikawa inateleza juu ya waya. Mita 20 za kutembea! Ndani ya siku mbili kelele zikapungua.

Hapo ndipo niliposhika jambo. Mbwa aliye huru akiogopa ana njia mbili, kukimbia au kupigana. Mnyororo unaifuta ile ya kwanza. Tunachokiita ukali mara nyingi ni woga uliokosa mlango. Hata mbwa wa Polisi, wale wa Kikosi cha Mbwa na Farasi, wanafanya kazi na askari wanayemjua na kumsikiliza. Na sheria tunayo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Wangapi tumewahi kuisikia?

Kuna mzee jirani, Mwislamu, ambaye hataki mate ya mbwa yaguse kanzu yake. Nikagundua ndiye aliyekuwa akimsukumia Komando kopo la maji kwa fimbo tangu fundi aondoke. Nilipomshukuru akanisimulia habari ya mtu aliyemnywesha mbwa maji kwa kiatu chake na Mungu akamsamehe dhambi zake. "Kiumbe ni kiumbe, mwanangu." Basi, akaendelea na tasbihi yake.

Ikabaki kazi ngumu: aende wapi? Akaja mwenye duka mmoja na laki moja taslimu. Alitaka kumfunga nyuma ya ghala. "Usimzoeshe watu, ataharibika," akaniambia. Laki moja kwa mwalimu mstaafu si hela ndogo, na nilimwona mjomba anavyoitazama.

"Mjomba, tukimuuza huku tunambadilishia mnyororo tu."

"Na chakula alichokula hapa, nani alilipa?"

"Nitakurudishia mimi, mjomba."

Akanyamaza muda mrefu, kisha akamwambia yule bwana kwamba mbwa hauzwi. Sijui kama mimi, kwa pensheni ile, ningeweza.

Siku iliyofuata akaja mama mmoja, muuguzi mstaafu, anaishi peke yake ndani ya ua wa minyaa. Nikamwambia yote bila kupamba: anafukuza kuku, hataki mwanaume aliyevaa kofia ngumu, asiachwe na mtoto mdogo, mgeni asiingie bila kuitwa. Mama akacheka: "Hata mimi mgeni asiyebisha hodi simpendi." Kisha akawa anakuja kila siku na bakuli lake, kumlisha kwa mkono wake. Siku ya 14 wakaondoka pamoja kwa miguu, na majirani wakasimama mbali kutazama.

Mjomba ananiambia Komando bado ni mkali. Usiku anazunguka ua mara kadhaa, halafu analala mlangoni kwa mama. Ukali wake umepata mtu wa kumlinda, basi.

Mijini tumejaza mageti yetu maandishi MBWA MKALI. Sasa wewe unayesoma hapa, hebu zunguka nyuma ya nyumba ukaupime mnyororo. Ni mita ngapi?