Mjomba, Stakabadhi za Kahawa na Projekti Iliyonitoa Jasho

Najua nimepotea kitambo, msinilaumu. Nipo nyumbani Mbinga, likizo, baridi ya Agosti inauma ile mbaya, na haya naandikia stationari kwa mjomba, kwenye ile kompyuta ya kona inayonguruma kama mashine ya kukoboa mahindi. Wengi mmeniuliza projekti yangu iliishia wapi, maana mara ya mwisho mliniona nimejiinamia kwenye ngazi za maktaba. Haya, leo nawapa yote.

Projekti ilikuwa juu ya kuitumia prosesa yenyewe kuilinda programu isitekwe. Wasiosoma kompyuta msikimbie, nitaenda polepole.

Zamani mwizi alikuwa anaingiza msimbo wake kwenye kumbukumbu ya programu, kisha anaifanya prosesa iuendeshe. Mlango huo ukaanza kufungwa. Windows XP SP2 ya mwaka 2004, kwa mfano, ilileta kinga kwamba sehemu ya data isiendeshwe kama msimbo. Basi mwizi akaacha kubeba silaha! Anakuja mikono mitupu, anatumia visu vya jikoni kwako. Anachukua vipande vya programu ileile, amri mbili tatu zinazoishia na "rudi", anaviunga upya mpaka vifanye anachotaka yeye. Ni kama mtu anayekata maneno kwenye gazeti na kuunda barua ya vitisho: kila neno liliandikwa na mwandishi wa habari, ila barua si yake. Mwaka 2007 Hovav Shacham alionyesha kwamba vipande vilivyomo ndani ya maktaba ya kawaida ya C vinatosha kufanya karibu lolote. Mashambulizi haya yanaitwa ROP.

Siri iko kwenye hilo "rudi". Programu ikiita kazi ndogo, prosesa inaandika kwenye staki mahali pa kurudi kazi ikiisha. Sasa kikaratasi hicho kimekaa kwenye kumbukumbu ya kawaida. Bafa ikifurika, mwizi anakifuta na kuandika cha kwake, na prosesa inakwenda ilikoelekezwa bila kuuliza.

Dawa yake niliisoma semesta nzima, lakini aliyenifanya niielewe ni mzee mmoja aliyekuja hapa juzi kutoa kopi. Huu ni msimu wa kahawa, wakulima wa AMCOS wanapita na stakabadhi zao. Nikamwuliza, "Shikamoo mzee, kopi ya nini na stakabadhi unayo?" Akasema, "Marahaba mjukuu wangu. Kilo zangu ziko kwenye daftari lao na ziko kwenye mfuko wangu. La kwao likibadilika, la kwangu litasema."

Jamani! Hiyo ndiyo staki kivuli. Prosesa inaandika mahali pa kurudi mara mbili, na nakala ya pili inakaa pasipoandikika kwa amri za kawaida. Wakati wa kurudi inalinganisha. Zikipishana, programu inasimamishwa palepale. Intel walitangaza mfumo wao, CET, mwaka 2016, na prosesa za Tiger Lake zenye CET zikatoka 2020. AMD wakaleta staki kivuli kwenye Zen 3 mwaka huohuo. Linux ilianza kuiruhusu kwa programu za kawaida kwenye toleo la 6.6, mwaka 2023.

Na hapo ndipo nilipojikaanga. Propozali yangu ilisema nitaipima CET. Supavaiza akasaini, mimi nikatembea kifua mbele. Nikaja kuikagua laptop yangu: Intel kizazi cha nne, ya 2013, mtumba, iliyonunuliwa kwa hela ya kahawa ya hapa nyumbani. CET haina. Na si kitu cha kupakua, iko kwenye silikoni. Zimebaki wiki sita!

Nikarudi kwenye njia ya zamani. Prosesa za Intel zina kidaftari kiitwacho LBR, kinachokumbuka miruko ya mwisho ya programu. Kwenye yangu ni 16. Kilikusudiwa kuwasaidia wahandisi kutafuta makosa, lakini mwaka 2013 watafiti wa Columbia walikitumia kwenye mfumo wao wa kBouncer: kabla programu haijaomba jambo zito kwa mfumo endeshi, unatazama nyuma uone kama ilifika hapo kihalali au kwa kurukaruka kwenye vipande.

Nikaunda toleo langu dogo. Likafanya kazi! Nilipiga kelele hosteli nzima ikaamka. Usiku wa pili nikajaribu kulihadaa, maana mwaka 2014 Carlini na Wagner walishaonyesha inawezekana. Nikamfanya mwizi wangu, baada ya kuiba, atembee kistaarabu miruko zaidi ya 16 kabla ya kufika kwa mlinzi. Mlinzi akatazama kidaftari, akaona nyayo safi tu, akafungua geti. Usiku mmoja nimeubomoa ukuta wa wiki nne.

Kuna rafiki alinishauri niifiche hiyo sura. Nilikaribia kukubali, nisiwadanganye. Mwishowe nikaiacha. Jopo lilinihoji nikalowa jasho, nikatoka na B.

Kinachonikera ni kitu kingine. Jumamosi niliteremka Mbamba Bay kumsalimia bibi. Ufukweni kijana anauza usipa, mteja anamlipa kwa simu, na ile simu ya bei rahisi mimi nishaanza kuifikiria prosesa yake (ugonjwa huu!). ARM nao wana kinga yao, wanatia muhuri kwenye anwani ya kurudi. Ilikuja na ARMv8.3, na Apple waliiweka kwenye A12 mwaka 2018. Simu nyingi za bei nafuu zimejengwa kwa Cortex-A53 au A55, ambazo hazina muhuri huo. Nikamtazama yule kijana akiweka simu mfukoni, nikanunua usipa wangu nikaondoka.

Jana nikamweleza mjomba. Ana mashine nne hapa, zote mtumba, zimejaa majina na hesabu za wakulima.

"Kwa hiyo hizi zangu hazina hilo daftari la pili?"

"Hazina, mjomba."

"Mpya yenye nalo bei gani?"

Nikamtajia. Akacheka, akarudi kwenye fotokopi.

Nimeshinda leo nikizifanyia wanachoweza kupata: masasisho, programu za wizi zote nje, nakala za mafaili kwenye diski ya pembeni. Kuchanganya anwani za kumbukumbu ili mwizi asijue vipande vilipo, hilo hata mashine kuukuu zinaweza, nimehakikisha limewashwa. Imebaki hii ya kona ninayoandikia, na mjomba anataka kufunga. Msalimieni wote, tutaonana chuo.