Barua kutoka Wandegeya: Jirani Anayelala Barazani



Nawaandikia kutoka Wandegeya, Kampala, mvua zikiwa zimekolea. Waliopata kupita hapa wanakumbuka taa za njia panda ya Barabara ya Bombo, soko la ghorofa, moshi wa kuku wa kuchoma, na chapati za kuviringishwa na mayai ambazo Kampala nzima inaziita roleksi. Juu kilimani kipo Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanzishwa 1922, alikosoma Mwalimu Nyerere kuanzia 1943 hadi 1945. Ng'ambo ya pili ipo hospitali ya rufaa ya Mulago. Bondeni, katikati ya chuo na hospitali, ndiko Katanga, mtaa wa mabati na mbao uliobanana ukuta kwa ukuta.

Ukitaka kujua nani hana nyumba hapa, subiri usiku wa mvua. Maduka yakishafungwa, mabaraza yake yanapata wenyeji wengine. Vijana hujipenyeza ndani ya viroba, akina mama hukumbatia watoto juu ya maboksi, na ifikapo alfajiri, kabla mwenye duka hajafika, wote wameondoka. Hawa ni majirani zangu. Nimeona niwaeleze habari zao, pamoja na habari za makanisa yanayowahudumia, kwa sababu kuna jambo ambalo sisi wa Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Tanga tunapaswa kulitazama kwa makini.

Kwanza mjue kwamba majirani hawa si wa namna moja. Wako vijana wanaookota chupa za plastiki na vyuma chakavu na kuviuza kwa kilo. Wengi walikimbia kipigo, au nyumba iliyosambaratika baada ya mzazi kufariki. Baadhi yao hunusa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya ndege ili wasisikie njaa wala baridi. Wako watoto wa Karamoja, hasa kutoka wilaya ya Napak, mwendo wa siku nzima kwa basi kuelekea kaskazini mashariki. Utawakuta wameketi kando ya barabara, viganja vimeinuliwa, wakiomba shilingi mia. Nyuma ya wengi wao yuko mtu mzima aliyewaleta mjini na anayezihesabu sarafu hizo jioni. Ukame, wizi wa ng'ombe kwa mtutu wa bunduki, na njaa kali ya 2022 vilizifanya familia nyingi kule kuiona Kampala kuwa ndiyo nafuu.

Wako pia wagonjwa. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa 1967, ipo pale Mulago, na watu huijia kutoka kila pembe ya nchi, wengine kutoka Sudan Kusini na Kongo. Matibabu yanaweza kuchukua wiki nyingi. Mtu ana shamba lake na migomba yake kwao, lakini Kampala hana ndugu wala nauli ya kwenda na kurudi, basi hulala kwenye veranda ya hospitali pamoja na binti yake anayemuuguza.

Tena wako Wakongo, ambao nikipita tunasalimiana kwa Kiswahili na wao wananiita Papa. Uganda imepokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, idadi kubwa kuliko nchi yoyote ya Afrika. Chakula cha msaada hutolewa kwenye makazi ya wakimbizi huko vijijini, na anayebaki mjini hujitegemea. Makanisa ya Wakongo ya hapa Kampala yamefanya jambo ambalo halitangazwi sana. Ibada ya jioni ikiisha, viti husogezwa ukutani, mikeka hutandikwa, na familia iliyoshuka jana kutoka Kivu hulala palepale mbele ya madhabahu.

Sasa niwaeleze huduma yenyewe, kama inavyofanyika katika kanisa dogo ninalosali. Ni ya Jumamosi. Akina mama huinjika sufuria ya maharage mapema, na posho, yaani ugali, husongwa baadaye. Lakini chakula si cha kwanza kutolewa. Cha kwanza ni maji na sabuni. Vijana wanaoga, nguo zao zinafuliwa na kuanikwa kwenye uzio, nao wanacheza mpira kwa nguo za kuazima mpaka zao zikauke. Muuguzi mmoja wa Mulago, muumini mwenzetu, huja akitoka zamu ya usiku, akawaosha na kuwafunga vidonda vya miguu. Kinyozi wa Katanga huleta mashine yake na halipwi kitu. Baada ya hapo ndipo watu huketi kula, na wanaketi kwenye benchi zilezile tunazokalia Jumapili. Wazee wa kanisa walilijadili jambo hilo la benchi, wakakubaliana kwamba hakuna atakayelishwa akiwa amesimama kwenye foleni.

Wakati wa kula, mzee mmoja hupita na daftari. Anauliza jina, anauliza kwenu ni wapi, kisha anauliza nani nyumbani angefurahi kukuona. Mwanzoni vijana hutaja majina ya uongo, wengi wakijiita wachezaji wa mpira wa Ulaya, naye huyaandika bila kubishana nao. Wakishamzoea, jina la kweli hutoka lenyewe. Siku linapotoka, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Sote tunaijua methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Makanisa mengi, hapa na kwetu, ni hodari wa zile siku mbili za kwanza. Krismasi tunagawa mchele, Pasaka tunagawa nguo, tunapiga picha, tunaondoka. Kinachonigusa kwa hawa wenzetu ni kwamba wanaihangaikia siku ya tatu. Kijana akisema kwao ni Masaka, hatiwi kwenye basi kesho yake. Mtu wa kanisa hutangulia, akamwona bibi au mjomba, akazungumza na mwenyekiti wa kijiji, akauliza ni nini kilichomkimbiza mtoto, na kama bado kipo. Kama bado kipo, mtoto harudishwi mpaka suluhu ipatikane au ndugu mwingine akubali kumchukua. Akirudishwa, hutembelewa. Asiye na pa kurudi, hasa kijana mkubwa, hutafutiwa chumba na kulipiwa kodi ya miezi ya mwanzo, akapewa jiko la mkaa, unga na mayai, akaanza kuuza roleksi mtaani kama wenzake.

Njia hii ni ndefu na ina gharama, na wapo wanaoshindwa wakarudi barabarani. Lakini njia ya mkato tumeiona inakoishia. Mwaka 2014 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wa mitaani nchini Uganda, ikieleza jinsi walivyokuwa wakikamatwa kwa misako, wakipigwa na kunyang'anywa vijisenti vyao. Wengine walipelekwa kituo cha serikali cha Kampiringisa, wilaya ya Mpigi. Mtoto aliyesombwa hivyo, bila mtu kuuliza nani anamngoja nyumbani, hurudi Kampala mara tu apatapo upenyo.

Kazi hii haikuanza jana. Nyumba ya watoto wachanga ya Sanyu, kule Namirembe, ilianzishwa 1929 na mkunga mmisionari wa hospitali ya Mengo ili kuwalea watoto waliotupwa na yatima. Mwaka 1978, katika enzi ya Idi Amin, Kardinali Emmanuel Nsubuga alianzisha nyumba ya huruma pale Nalukolongo kwa ajili ya wazee, walemavu na wagonjwa wasio na mtu, akawakabidhi Masista wa Msamaria Mwema. Papa Francis aliitembelea nyumba hiyo tarehe 28 Novemba 2015, na kutoka pale akaziomba parokia zote za Uganda na za Afrika zisiwasahau maskini. Ukishuka Barabara hii ya Bombo, katika jengo lililokuwa sinema ya Norman, lipo kanisa liitwalo Watoto, lililoanza 1984 kwa jina la Kampala Pentecostal Church. Kuanzia 1994 liliwajengea yatima wa vita na UKIMWI vijiji vya kuishi kama familia. Shirika la Kikristo la Dwelling Places limejikita katika kuwarudisha watoto wa Karamoja kwao na kuzisaidia familia zao. Na miaka ya 1990 klabu moja ya mpira kwa vijana wa mitaani, Tigers, ilikua ikawa shirika la Retrak, ambalo lilieneza kazi ya kuwarejesha watoto nyumbani hadi nchi nyingine za Afrika.

Huenda mkaniuliza kuhusu sheria. Mwaka 2019 jiji la Kampala lilipitisha sheria ndogo ya kuwalinda watoto inayokataza kuwapa fedha, chakula au nguo watoto wanaoombaomba barabarani. Adhabu yake ni faini au kifungo kisichozidi miezi sita. Watu wengi wema waliudhika. Mimi naiona kwa macho mawili. Sarafu inayodondoshwa kwenye kiganja cha mtoto kwenye taa za Wandegeya kweli huishia kwa aliyemleta, na humpa sababu ya kuleta mwingine. Hapo jiji lina hoja. Lakini mtoto mwenye njaa hajatenda kosa, na sheria inayomzuia jirani kumlisha, bila kumwonyesha mahali pengine atakapolishwa, imeishia nusu ya njia. Ndiyo maana kanisani kwetu tumeacha kugawa barabarani. Tunawaalika ndani ya uzio, kwa siku inayojulikana, pamoja na maafisa wa ustawi wa jamii.

Kwa watu wazima, upepo umeanza kubadilika. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko palepale kwetu Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake ya umaskini na si kwa tendo alilofanya. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikabatilisha vifungu vilivyowaruhusu polisi kumkamata mtu kwa kumshuku tu kuwa mzururaji. Sheria hizo ni urithi wa mkoloni aliyetaka Mwafrika aonekane mjini wakati wa kazi tu, na hazina nafasi katika nchi zinazojitawala.

Nasi je? Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ina vifungu vyake vya uzembe na uzururaji, cha 176 na cha 177. Vijana wangapi wa Kariakoo wamelala mahabusu kwa sababu tu hawakuwa na pa kulala kwingine? Wakati huohuo tunayo historia njema ya kujivunia. Dogodogo Centre ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1992 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa Maryknoll, na Mkombozi ikaanza Moshi mwaka 1997. Maarifa tunayo. Kilichopungua ni waumini wa kawaida kuiona kazi hii kuwa yao, badala ya kuwaachia masista na wafadhili.

Kwa hiyo nina maombi kwenu. Wakristo, jumuiya ndogondogo zetu hukutana kila wiki nyumba kwa nyumba. Jumuiya moja ikimchukua kijana mmoja, ikamjua jina, ikamtafuta nyanya yake hata kama yuko Singida, imefanya jambo ambalo mgao wa Krismasi haulifanyi. Waislamu, ndugu zangu, mna sadaka ya Ijumaa ambayo maskini hupita kuichukua madukani. Itoeni, lakini siku hiyo mkalisheni mtu chini mkamuulize kwao ni wapi, na zaka ya msikiti imlipie chumba. Wachungaji na mapadre, wekeni kamera pembeni. Mtoto aliyepigwa picha akiwa ameshika sahani ataikuta picha hiyo ukubwani, na hakuna mchango wa wafadhili unaolingana na aibu hiyo. Na waheshimiwa wabunge, maoni ya mahakama yalitolewa Arusha, kwenye ardhi yetu. Yasomeni, kisha viondoeni vile vifungu viwili.

Nanyi mnaoishi karibu na hospitali zetu kubwa, Muhimbili, Bugando, KCMC, tokeni jioni moja mkaangalie nani analala nje ya uzio. Wengi ni wakulima na wafugaji kama wazazi wetu, waliomleta mgonjwa wakaishiwa. Chumba kimoja cha kanisa kisichotumika katikati ya wiki kinaweza kuwalaza watu wanane. Anzeni na hicho. Msingoje jengo jipya wala mfadhili kutoka nje, na mkishaanza, msiishie kwenye siku mbili za kwanza.

Ndimi ndugu yenu,
Wandegeya, Kampala