Kucheza na Rafiki na Kucheza na Mgeni

Siku moja wakati wa mapumziko nalikuta wanafunzi wanne wa darasa la saba wakibishana chini ya mwembe ulio mbele ya shule yetu. Mmoja alinena kwamba mchezo wa simu hauna ladha ila mtu akicheza na wenzake awajuao. Mwingine akamjibu, "La, rafiki hukuonea haya. Mgeni wa mbali ndiye akupimaye kweli." Waliponiona wakanyamaza, maana walidhani nimekuja kuwagombeza. Walakini naliketi juu ya mzizi wa mwembe, nikawaambia, "Wanangu, hata mimi hucheza." Wakacheka sana, nami nikawaacha wacheke. Kisha nikawasimulia habari hii, ambayo sasa nawaandikia ninyi pia. Ndani yake mna kosa langu, na kosa la mwalimu laweza kuwa somo jema kuliko sifa zake.

Nalipokuwa mtoto, mchezo wa wazee kijijini kwetu ulikuwa bao. Ninyi mwalijua: mashimo 32, kete 64, na watu wawili wakielekeana. Mcheza bao hawezi kujificha. Wote wamzungukao wajua yeye ni nani, baba yake ni nani, na deni lake dukani ni kiasi gani. Akishinda kwa hila, ataitwa mwenye hila mpaka uzeeni. Akishindwa akakasirika, watoto wataigiza hasira yake jioni ile ile. Basi bao liliwafundisha watu adabu, ingawa hakuna aliyesema kwamba anafundisha.

Mwaka 2001 naliingia chuo cha ualimu, na huko nalimpata rafiki ambaye kitanda chake kilikuwa karibu na changu. Alijua sataranji, mchezo wa mfalme na askari wake, unaochezwa juu ya ubao wa miraba 64. Hatukuwa na fedha za kununua ubao. Tukachora miraba juu ya kipande cha boksi, na kete tukazichonga kwa mti wa mpera. Farasi mmoja alivunjika shingo, nasi tukaendelea kumtumia hivyo hivyo. Twalicheza kila Jumamosi jioni kwa muda wa miaka miwili, na mara nyingi alinishinda. Mwaka 2003 tukapata hati zetu, tukaagana. Mimi nalipelekwa kufundisha katika milima ya Usambara, naye akaenda kwao Songea. Toka hapa mpaka kule ni safari ya siku mbili kwa mabasi.

Kwa miaka mingi hatukucheza tena. Hata mwaka 2019, kila mmoja wetu akiwa amepata simu iingiayo katika intaneti, alinipigia akaniambia habari za mahali paitwapo Lichess. Mahali hapo palifunguliwa mwaka 2010 na Mfaransa mmoja, Thibault Duplessis. Kucheza humo ni bure, wala hamna matangazo ya biashara. Watu wawili waweza kupatana kwamba kila mmoja apewe siku tatu za kufikiri kabla ya kusogeza kete moja. Asiposogeza katika siku tatu hizo, saa yake huisha, na mwenzake huhesabiwa kuwa mshindi.

Basi twalifanya hivyo. Kila usiku baada ya chakula nalifungua simu, nikaona kete yake imesogea. Hakuandika neno, wala mimi sikuandika. Kete ile iliposogea nalijua kwamba ni mzima, amekula, na watoto wake wamelala. Mchezo mmoja uliweza kuchukua miezi miwili.

Lakini mchezo wa namna hiyo ni wa polepole, na mimi nalikuwa na tamaa ya kucheza zaidi. Nikaanza kucheza na wageni. Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, mwanafunzi aitwaye Roy Trubshaw alianza kutengeneza mchezo wa kompyuta ambao watu wengi waliweza kuuingia kwa pamoja, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Haukuwa na picha, ila maneno matupu. Kwanza waliucheza wanafunzi wa chuo kile. Baadaye watu wa nje wakaingia kwa njia ya waya za simu. Yaani hata mchezo ule ulianza kwa wenyeji, kisha wageni wakapiga hodi.

Mgeni anayo faida yake. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika sataranji iko hesabu ya kupima nguvu za mchezaji, iliyobuniwa na Arpad Elo, aliyezaliwa Hungaria mwaka 1903 akawa mwalimu wa fizikia huko Marekani. Ukimshinda aliye na nguvu kukupita, unaongezewa alama nyingi, ukimshinda aliye dhaifu, unaongezewa chache, ukishindwa, unapunguziwa. FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, lilikubali hesabu hiyo mwaka 1970, na hesabu za namna hiyo hutumika sasa katika michezo mingi ya intaneti. Kwa hesabu hizo mashine yaweza kukutafutia, kwa nukta chache tu, mgeni ambaye nguvu zake zinalingana na zako, ijapokuwa yuko ng'ambo ya bahari. Rafiki hawezi kukupimia hivyo. Mimi nalidhani kwamba najua sataranji, kwa sababu nalimshinda rafiki yangu mara moja katika kila michezo mitano. Wageni walinionyesha upesi kwamba nalijua kidogo tu.

Walakini mgeni anayo hatari yake, na wewe mwenyewe unayo hatari kwa mgeni. Hakujui, wala humjui. Hakuna mwembe, hakuna wazee, hakuna watoto wa kuigiza hasira yako. Jina utumialo si jina lako. Nimepata kutukanwa na mtu niliyemshinda, matusi ambayo hapana mtu angethubutu kuyatamka penye bao. Na mimi? Sikumtukana mtu. Nalifanya jambo jingine, ambalo nalijiambia kwamba si kosa.

Ilikuwa mwaka 2022, mwezi wa Agosti. Jumatatu usiku nalisogeza kete yangu katika mchezo wangu na rafiki yangu. Nalikuwa katika hali mbaya: alikuwa amenila ngome moja, na mfalme wangu hakuwa na kimbilio. Jumanne hakusogeza. Nikasema, labda mtandao ni mbaya kwao. Jumatano pia hakusogeza. Nalitazama saa yake ikipungua, nami sikumpigia simu. Badala yake nikatafuta mgeni wa kucheza naye.

Mgeni yule alicheza vizuri kuliko mimi. Kila mmoja wetu alikuwa na dakika 15 za mchezo mzima. Nalipoona kwamba nimekwisha shindwa, zilinibakia dakika 11. Mtu mwenye adabu angekubali kushindwa, akashukuru, mchezo ukaisha. Mimi naliona uchungu. Nikaiweka simu juu ya meza, nikaenda kuoga, ili mgeni yule akae akingoja bure. Nikajiambia, "Hanijui. Ana dawa gani?"

Nalirudi dakika moja tu ikiwa imebaki. Nikaona kwamba hakuondoka, na chini ya ubao ameandika maneno ya Kiingereza. Nalitazamia matusi. Maana ya maneno yale ilikuwa hivi: "Je, u mzima? Natumaini hakuna jambo baya lililokupata."

Naliona haya, wanangu, kana kwamba mtu amefungua mlango akanikuta nikiiba. Nikamwandikia kwamba mimi ni mzima, nikakubali kushindwa, nikazima simu. Sikumwambia kweli, kwamba nalimkawiza kwa makusudi. Sikumwona tena hata leo.

Alhamisi usiku, baada ya chakula, simu ililia. Saa ya rafiki yangu ilikuwa imekwisha, na mashine ikanijulisha kwamba nimeshinda, na alama zangu zimeongezeka. Naandika kweli: nalifurahi. Furaha ile haikudumu zaidi ya muda wa kumeza mate, lakini ilikuwapo. Ndipo maneno ya mgeni yaliponijia: "Je, u mzima?" Mtu asiyenijua alikuwa ameniuliza hivyo baada ya kungoja dakika 10. Mimi rafiki yangu nalimwona amenyamaza siku tatu, sikumwuliza.

Nalipiga simu yake, haikuita. Nikampigia mkewe. Akaniambia, "Shemeji, mwenzio amelazwa tangu juzi. Alianguka jioni akitoka shambani. Madaktari wasema ni kiharusi." Nikamwuliza kwa nini hakunipa habari. Akasema, "Shemeji, nisamehe. Tangu juzi sijalala."

Mwalimu mkuu alinipa ruhusa. Jumamosi alfajiri nalipanda basi, na Jumapili jioni nikafika Songea. Nalimkuta rafiki yangu hospitalini, upande wake wa kuume umelegea, na maneno yake yakitoka polepole kama mtoto ajifunzaye kusoma. Aliponiona machozi yakamtoka, na mimi pia. Hatukusema mengi. Nalikaa pale siku nne, nikampokeza mkewe zamu, ili naye apate kulala.

Siku ya tatu aliniashiria kwa mkono wa kushoto kwamba nitoe simu. Alitaka kuuona mchezo wetu. Nikaufungua, nikaushika mbele ya macho yake. Akautazama kwa kitambo kirefu, kisha akasema, neno moja moja, "Ulikuwa umekwisha kufa." Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nikamwambia, "Mashine yasema nimeshinda." Akasema, "Mashine haijui kwamba naliugua." Nikamjibu, "Hata mimi sikujua." Hakuacha kunitazama. Ndipo nikamwungamia yote: saa yake niliyoitazama ikipungua, na mgeni niliyemkawiza, na furaha ile fupi. Akafumba macho, nikadhani amelala. Kumbe alikuwa akifikiri. Kisha akasema, "Safari nyingine, piga simu."

Basi, wanafunzi wangu, mkiniuliza lipi lililo bora, kucheza na rafiki au kucheza na mgeni, nitawajibu kwamba yote mawili ni mema, lakini si wema mmoja. Mgeni akikuacha, mashine hukupa mgeni mwingine mara moja, na mchezo waendelea kana kwamba hapana aliyeondoka. Kwa hiyo wachezeni wageni mpate kujifunza mchezo, lakini mkumbuke kwamba nyuma ya jina lile la bandia yuko mtu aliyeketi mahali fulani, naye angoja. Mkishindwa, kubalini. Mkishinda, msitukane. Fanyeni yale ambayo mngeyafanya kama wazee wangekuwa wamekaa hapo wakitazama.

Tena jihadharini. Si kila mgeni ni kama yule wangu. Msimpe mtu msiyemjua jina lenu la kweli, wala jina la shule, wala picha, wala neno la siri, hata akiahidi zawadi kubwa ya mchezoni. Akiwataka mwonane naye faraghani, au akiwaambia jambo na kuwakataza kuwaambia wazazi, acheni mchezo pale pale mkamwambie mzazi au mwalimu. Michezo mingine ina njia ya kufunga mazungumzo. Hapo Lichess iko hali ya watoto inayoyafunga yote. Itumieni bila ya kuona haya.

Na rafiki? Rafiki ni yule ambaye akinyamaza wajua kwamba amenyamaza. Twasema, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki," lakini dhiki haiji kila mara na tarumbeta. Pengine huja kama kete ambayo haikusogea. Kama mwenzenu alikuwa akicheza nanyi kila jioni, na leo hayupo, msikimbilie kujaza nafasi yake. Ulizeni kwanza.

Rafiki yangu alipata nafuu, ingawa mkono wake wa kuume haujarudi kama zamani. Twacheza hata sasa. Tulibadili sharti la saa: badala ya siku tatu, kila mmoja wetu anazo siku 14. Yeye hangoji siku hizo. Kila usiku baada ya chakula husogeza kete kwa kidole cha kushoto, na mara nyingi hunishinda. Na usiku ambao hajasogeza, mimi simwachi alale kabla sijampigia.