Kibuyu cha Nne

Kwetu Butiama marehemu bibi alikuwa na vibuyu vinne vya mbegu za mtama, kila kimoja na aina yake, zimechanganywa na majivu. Tulimcheka. Tukapanda aina moja ya dukani, kwani huzaa sana. Mwaka ule mvua zilipokatika mapema, shamba zima lilikauka. Kwa haya tukaenda Bunda kwa shangazi kuomba mbegu za kale. Alikuwa na aina tatu. Ile nyekundu chungu, isiyopendwa na ndege, hatukuipata hata Musoma.

Huko Svalbard, Norwe, tangu 2008 mbegu za mataifa huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Ni jambo jema. Lakini mbegu iliyolala barafuni haiyazoei majira ya Mara yanayobadilika. Msimu huu tumepanda zote tatu. Kibuyu cha nne kingali kitupu.