Mpe Maji Mengi

Ukimwambia mtu unaishi Mwiki, atakuuliza, "Mwiki ya Kasarani ama ya huku?" Mimi ni wa huku. Huku ni Kaunti ya Kiambu, eneobunge la Ruiru. Unashuka Githurai 45, unapita wauza nyanya na mitumba, kisha unapanda mat nyingine ama unajikaza unatembea. Nairobi iko pale tu karibu, lakini sisi gavana wetu ni mwingine.

Ninaishi orofa ya nne kwenye ploti ya mawe isiyo na lifti. Maji hutoka kwa mfereji siku mbili kwa wiki, wiki ikiwa nzuri. Siku zingine tunanunua mtungi wa lita 20 kwa jamaa wa mkokoteni, na ukitaka akupandishie hadi juu, unaongeza kitu. Nayataja maji mapema kwa sababu ndiyo yaliyonitia aibu.

Kwa ploti wananiita Daktari. Walianza kuniita hivyo hata kabla sijapata kazi. Nilimaliza chuo 2023, baada ya miaka sita ya kusoma. Lakini bila mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini hupewi leseni ya kutibu watu peke yako, na serikali ilikuwa haijatupanga. Mzozo ulikuwa pesa. Mkataba wa 2017 kati ya serikali na chama cha madaktari, KMPDU, uliweka malipo ya daktari mwanagenzi kuwa Sh206,400 kwa mwezi. Serikali ikasema inaweza Sh70,000 tu. Februari 29, 2024, katibu mkuu wa chama, Davji Atellah, akaumizwa kichwani kwenye maandamano Nairobi. Machi 14 madaktari wakagoma, na mgomo ukaenda siku 56. Mei wakarudi kazini. Wengi wetu tuliokuwa tunangoja kupangwa tukabaki tukingoja. Ilifika Desemba 2024 ndipo makubaliano ya kurudisha ile 206,400 yakapatikana.

Muda huo wote nilikuwa nakaa kwa duka la M-Pesa la shangazi yangu, nikiandika nambari za vitambulisho kwenye kitabu. Jirani akija kutoa pesa anauliza, "Daktari, na hauendi kazi leo?" Ningejibu nini? Nilikuwa nacheka tu. Nilikuwa na deni la kodi, deni la mama mboga na deni la rafiki, na bado mtu ananiamkia na kitambulisho chake na matokeo ya maabara ya nyanya yake kwa mkono mmoja.

Kwa hivyo nilipopangwa hatimaye, 2025, niliapa sitawahi kulalamika. Hospitali yenyewe ni ya umma na sitaitaja. Mwanagenzi huzungushwa idara nne: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi. Mimi nilianzia watoto.

Watu hufikiri daktari mpya anatibu. Daktari mpya anakimbia. Unatoa damu, unapeleka maabara mwenyewe, unarudi kuambiwa chupa ilikuwa ya rangi isiyofaa, unatoa tena mama akikuangalia kama mwizi. Unaandika faili. Unatafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto ambao ni mnene kama kidole chako cha gumba. Ukikosa mara mbili unamwita sista, naye anaupata mara moja huku akizungumza na mtu mwingine. Zamu inaanza asubuhi ya leo na kuisha kesho mchana, ukibahatika. Unakula chapo madondo umesimama. Na kiapo changu cha kutolalamika kilidumu wiki mbili.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nimekaa macho kama saa 31. Kwa mat nililala hadi makanga akanigonga bega, "Siz, tumefika mwisho." Nilipanda ngazi nikishikilia ukuta. Orofa ya pili nikampata jirani yangu amesimama mlangoni na mtoto wake kiunoni, mvulana wa mwaka mmoja na miezi miwili, yule ambaye hunipungia mkono kila asubuhi.

"Daktari, pole na kazi. Huyu anaendesha tangu jana. Na anatapika. Ni meno?"

Nilikuwa nimeshampita ngazi tatu. Niligeuka nusu. Mtoto alikuwa ameegemeza kichwa kwa bega la mamake, hakunipungia. Nikasema, "Mpe maji mengi. Ikizidi umpeleke hospitali."

"Sawa Daktari. Asante."

Nikapanda. Sikuvua hata viatu.

Wacha niseme kile ambacho sikufanya, kwa sababu nimekihesabu mara nyingi. Sikumgusa. Sikuuliza ameendesha mara ngapi. Sikuuliza kama ananyonya. Sikusema neno ORS, kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa tatu husema akiwa usingizini. Ingenichukua dakika mbili.

Jumatano usiku nilikuwa zamu tena. Kama saa tatu hivi mlango wa wodi ukafunguliwa na jirani yangu akaingia, mtoto amefungwa kwa leso. Aliponiona uso wake ulilegea kwa furaha. "Nilijua uko hapa. Mwenye boda alitaka kutupeleka kliniki ya pale chini, nikakataa. Nikamwambia nipeleke kwa daktari wetu."

Alikuwa amepita kliniki mbili ili anifikie mimi.

Macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Nilimweka kikombe mdomoni, hakuweza kunywa. Nilibana ngozi ya tumbo nikaiachilia, ikakaa imesimama zaidi ya sekunde mbili kabla ya kurudi. Mikono ilikuwa bado ina joto, na hilo ndilo lililonipa matumaini. Kilo nane. Kwa mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja mwongozo uko wazi: mililita 30 kwa kila kilo ndani ya nusu saa, kisha 70 kwa kila kilo ndani ya saa mbili na nusu. Yaani 240, halafu 560. Hesabu niliipata haraka. Mshipa ndio ulinishinda. Nilidunga mkono wa kulia nikakosa, wa kushoto nikakosa. Mtoto hakulia, na mtoto asiyelia ukimdunga anaogopesha kuliko yule anayepiga kelele.

"Nipishe, mamaa," sista akasema. Akaupata mguuni.

Halafu ni kungoja. Nilikuwa na watoto wengine wa kuangalia, lakini kila baada ya dakika chache nilirudi pale. Katikati ya usiku alifungua macho. Baadaye akaanza kulia, na safari hii machozi yalitoka. Saa nane alikojoa, akanilowesha mkono wote, na sista akacheka akasema hiyo ndiyo stakabadhi yetu.

Mama alinishika mikono yote miwili. "Asante Daktari. Mungu akubariki. Unajua nilimpa maji vile uliniambia. Mengi kabisa. Nilichemsha yale ya mtungi. Lakini kila nikimpa anatapika, nikaacha kumpa chakula na titi ndio tumbo litulie."

Sikusema kitu. Nilijibu, "Atapona," nikaenda kujifanya naandika faili ya kitanda kingine.

Maji matupu hayatoshi, na hapo ndipo kosa langu lilipokuwa. Mtoto anayeendesha anapoteza chumvi pamoja na maji. Ukimpa maji peke yake humrudishii chumvi. Lakini ukitia chumvi na sukari kwa kipimo sahihi, ile sukari husaidia chumvi kupita ukuta wa utumbo kuingia mwilini, na maji yanafuata. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari mmoja anayeitwa Dilip Mahalanabis alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi Bangaon, India. Kipindupindu kilikuwa kinawamaliza watu na dripu zilikuwa zinaisha. Akaamua kuchanganya chumvi na glukosi kwa maji, ndugu wa wagonjwa wakawa ndio wauguzi, wakiwanywesha kikombe baada ya kikombe. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Sai kitu hicho kiko kwa pakiti ndogo, kwa kila duka la dawa kutoka Githurai hadi Ruiru, bei ya chini kuliko nauli ya kwenda na kurudi taoni. Nilikijua. Nilikuwa nimefanya mtihani wake nikapita vizuri.

Asubuhi konsaltanti alikuja kuzunguka wodi. Mwanagenzi ndiye husimulia habari ya kila mgonjwa. Nikafika kitanda hicho. Umri, uzito, siku mbili za kuendesha na kutapika. Kisha nikasoma nilichokuwa nimeandika mwenyewe usiku: mama alishauriwa nyumbani ampe maji mengi.

"Na nani?" konsaltanti akauliza, bila kuinua macho kutoka kwa faili.

Ningeweza kusema jirani. Haungekuwa uongo.

"Na mimi, Daktari."

Sasa aliinua macho. Wanafunzi waliokuwa nyuma yake walitazama viatu vyao. Nilingoja kufokewa. Akasema tu, "Basi leo wewe ndiye utamfundisha mama kuchanganya ORS. Na umwambie." Tukaenda kitanda kinachofuata.

Nilimwambia mchana, zamu ikiisha. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikafungua pakiti mbele yake: hii ni ya nusu lita, usikadirie, pima, mpe kidogo kidogo kwa kijiko, akitapika ngoja dakika kumi uanze tena, usiache kumnyonyesha, na tembe za zinki usikatize, ni siku 10 hadi 14. Halafu nikasema, "Hayo ningekwambia Jumanne. Sikukwambia. Na sikumwangalia mtoto. Pole sana."

Alikaa kimya akikunja leso. Kisha akasema, "Lakini ulikuwa umechoka, Daktari. Nilikuona vile ulikuwa unashika ukuta. Hata nilijiuliza kama nikusumbue."

Afadhali angenitukana. Yeye ndiye alikuwa ameniangalia vizuri pale kwenye ngazi.

Tangu hapo ninaweka pakiti za ORS nyuma ya mlango wangu. Mtu akinisimamisha kwenye ngazi ninauliza maswali matatu, na kama ni mtoto ninamshika. Ikiwa nimechoka mno kuuliza, ninasema hivyo: nimechoka, nenda pale kliniki ya chini sasa hivi, usiningoje. Nimegundua watu hawakasiriki ukisema hivyo.

Sitawadanganya kwamba nimekuwa mtu mwema. Kuna Jumapili mtu hubisha na mimi nafunika kichwa na mto, nikiomba aende. Wakati mwingine huenda kweli, na mimi nakaa macho nikiwaza alikuwa nani na alitaka nini. Zamu bado ni zile zile. Mshahara wa kwanza ulichelewa hadi nikakopa tena kwa shangazi.

Mtoto sasa anapanda ngazi mwenyewe, kwa magoti na mikono, akifukuzwa na mamake. Juzi alifika hadi mlango wangu akagonga na kikombe cha plastiki. Nilifungua. Alitaka maji. Mfereji ulikuwa umekauka siku ya nne, lakini mtungini yalikuwepo, yaliyochemshwa, nikammiminia nusu kikombe, akanywa akiniangalia, akanipungia mkono.