Hewa na Majira ya Kisiwa cha Mfangano

Mtu asimamaye Mbita asubuhi na kutazama magharibi hukiona kisiwa cha Mfangano kama mlima ulioota majini. Na hasa ndivyo kilivyo. Kilele chake, kiitwacho Kwitutu, chafikia karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji ya Ziwa Victoria yanayokizunguka yapo kwenye mita 1,134 hivi. Wenyeji wake ni Abasuba, ambao wengi wao siku hizi husema Kijaluo. Kazi yao ni uvuvi, pamoja na mahindi, mtama na muhogo katika miteremko yenye mawe. Sifa ya kahawa ni ya Kisii, si ya kisiwa hiki. Lakini mkulima wa Kisii atakaye kujua mvua ya kahawa yake yatoka wapi, hana budi kuja kuitafuta huku ziwani.

Watu wa Lamu na Unguja wana kaskazi na kusi, pepo ambazo kila moja hutawala kwa miezi. Huku Mfangano upepo hugeuka kila siku. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yake huwa nyepesi na kupaa, na hewa ya ziwani iliyo baridi huja kushika mahali pake. Usiku mambo hupinduka: nchi kavu hupoa, maji hubaki na uvuguvugu wake, na upepo hutoka bara kuelekea ziwani. Basi ule upepo wa mchana huchukua unyevu wa ziwa na kuupandisha mpaka katika milima ya Kisii na Kericho, ambako hukutana na upepo utokao mashariki. Hapo mawingu hupanda juu sana, na alasiri mvua hunyesha kwa radi, na mara nyingine kwa mvua ya mawe. Kwa hiyo Mkisii, ambaye kahawa ilianza kupandwa kwake katika miaka ya 1930, hupata mvua tele, hali mtu wa Mbita, mwenye ziwa zima mlangoni pake, huyatazama mahindi yake yakinyauka. Jambo hili huwaudhi watu wa ukingoni, wala hawakosei kuudhika.

Lakini hasara ya shamba ni ndogo ukiipima na hatari ya usiku. Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Pepo za usiku zitokazo Kenya, Uganda na Tanzania hukutana juu ya maji hayo yenye uvuguvugu. Hewa haina pa kwenda ila juu, na dhoruba huzaliwa huko huko ziwani, mara nyingi kati ya usiku wa manane na mapambazuko. Sasa fikiri mvuvi wa omena yuko wapi saa hizo. Omena, wale dagaa wadogo wa fedha, huvuliwa gizani kwa taa: zamani kwa karabai, na siku hizi zaidi kwa taa za umeme wa jua au wa betri. Taa huwekwa majini, samaki huizunguka, kisha wavu huvutwa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, na wavuvi hupumzika. Hivyo usiku ulio mzuri kwa kazi ni ule wa giza kabisa, ambao mtu hawezi kuliona wingu likija mpaka umeme umulike. Mashua ni za mbao, zina ukingo mfupi, na wengi hawavai maboya.

Makisio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu 3,000 mpaka 5,000 hufa katika ziwa hili kila mwaka. Hata kama hesabu hiyo imezidi, nusu yake yatosha kumtisha mtu. Kwa sababu hiyo Shirika la Hali ya Hewa Duniani, pamoja na idara za hali ya hewa za nchi zetu, lilianzisha mwaka 2017 mradi ulioitwa HIGHWAY, ili wavuvi wapate utabiri wa upepo, mawimbi na mvua kwa sehemu ya ziwa walimo, kwa redio na kwa simu, na kwa maneno yasiyohitaji mkalimani. Kazi hiyo yafaa kusifiwa. Hata hivyo mvuvi mwenye deni la petroli na watoto wa shule atausikia utabiri, atatazama anga, na pengine ataondoka vilevile.

Zamani habari za mvua ziliulizwa mlimani. Katika mapango ya Mawanga na miamba ya Kwitone ziko picha za kale, miviringo ya rangi nyekundu na nyeupe, nyingine zikiwa na miale kama jua. Yasemekana zilichorwa na Watwa, waliokaa huku kabla ya Abasuba. Wazee wa ukoo wa Wasamo walilitumia pango la Mawanga kwa kuomba mvua.

Masika huanza Machi na kuendelea mpaka Mei. Vuli ni Oktoba hadi Desemba. Serikali hufunga uvuvi wa omena tangu Aprili mpaka mwisho wa Julai ili samaki wazaane, na kwa hiyo mvua nyingi ya masika huwakuta wanawake wa fukweni hawana cha kuanika. Taabu yao ni ya vuli. Omena hutandazwa juu ya nyavu kuukuu au juu ya mawe, na jua kali la siku moja hutosha kuwakausha. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, huoza, na kilichonunuliwa kwa bei ya chakula cha watu huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mwaka 2020 taabu ilikuwa nyingine: mwezi wa Mei maji ya ziwa yalipanda kupita kipimo cha juu cha 1964, na fukwe nyingi za kuanikia zikafunikwa.

Juu ya hewa ya kuvuta, mgeni hustaajabia moshi. Huona nguzo nyeusi zikisimama juu ya maji, zikiyumba kama moshi wa moto mkubwa, na huuliza ni meli gani inayoungua. Si moshi, ni wadudu wadogo waitwao sami, wanaotoka majini kwa mamilioni, hasa siku chache baada ya mwezi kuandama. Upepo ukiwaleta kisiwani huingia puani, machoni na katika uji. Hawaumi. Omena huwala wangali funza majini, na pengine hilo latosha kuwasamehe.

Moshi wa kweli ni ule wa jikoni. Kuni ni chakavu, majira ya mvua huwa mbichi, na mama hufunga dirisha ili mvua isiingie. Ndipo watoto hukohoa zaidi. Wakati wa kiangazi, Juni mpaka Agosti, jiko huwa nje na kifua hupata nafuu, ingawa siku hizo anga huwa na utusiutusi, kwa kuwa nyika za kusini huchomwa na moshi wake husafiri mbali. Kuna asubuhi ambazo kisiwa cha Rusinga, kilicho karibu, huonekana kwa shida.

Mvua ya usiku ikipita, hewa husafika, na milima ya Gwasi huonekana wazi kama imeoshwa. Saa kumi na mbili wanawake hushuka ufukweni na mabeseni yao. Kabla ya kutazama kama jua litatoka, huhesabu mashua zirudizo.