UMERUDI AMSTERDAM? PIGA HODI UPYA!

Wahenga walinena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Leo tunao wale kaka zetu waliozamia Ulaya, wakayajua madirisha mekundu ya Amsterdam miaka ile ya tisini, kisha wakaoa, wakaachika au wakakaukiwa mfuko. Sasa, baada ya miaka kibao, wanataka kurudi. Bwana mkubwa, usiingie na mazoea. Mtaa ni ule ule, mambo siyo yale!

Ukishuka kwenye treni pale Amsterdam Centraal, ni dakika chache tu kwa miguu hadi De Wallen. Mifereji ipo, taa nyekundu zipo, na Oude Kerk, kanisa lililowekwa wakfu mwaka 1306, bado limesimama katikati ya madirisha kama mzee asiyeshangaa kitu. Lakini zile guilder zako zilikwisha kazi mwaka 2002, ilipoingia euro mkononi. Tena kuanzia 2007 jiji limefunga madirisha mengi, hivyo mlango uliouzoea unaweza kukuta wanauza nguo. Na usichelewe: tangu 2023 madirisha yanafungwa saa tisa usiku, si saa kumi na mbili asubuhi kama zamani.

Kubwa zaidi ni sheria. Uholanzi ilihalalisha madanguro mwaka 2000, na tangu 2013 anayefanya kazi hiyo Amsterdam lazima awe ametimiza miaka 21. Dada wa dirishani anakodi chumba kwa zamu na kulipa kodi ya mapato kama fundi au kinyozi. Kwa hiyo lile neno letu la kijiweni, changudoa, liache huku huku. Jirani na kanisa ipo sanamu ya shaba iliyowekwa mwaka 2007, inayowataka watu wawaheshimu wafanyakazi wa ngono popote duniani. Ipitie kwanza, ikuweke sawa.

Haya, adabu zenyewe. Nenda umeoga na hujalewa. Salimia. Bei, muda na kinachofanyika vinazungumzwa mlangoni, kabla hujavuka kizingiti; ukishaingia, usianze kuleta za sokoni. Kondomu haina mjadala. Kamera iache mfukoni, maana kupiga picha madirisha ni kutafuta kasheshe. Hata misafara ya watalii yenye viongozi imepigwa marufuku kupita mbele yao tangu 2020, kwa sababu wale si wanyama wa Mikumi.

Akikukataa? Sema asante, endelea na safari. Hana deni la kukueleza sababu. Akikubali hili na kukataa lile, ndiyo hivyo. Akibadili mawazo katikati, mchezo umekwisha. Usimwambie "mbona zamani mlikuwa mnakubali". Zamani hiyo ni yako, yeye hakuwepo.

Na yule uliyekuwa mteja wake wa kudumu? Usimwulizie dirisha kwa dirisha. Huenda leo ni mama wa watu, na jirani zake hawajui lolote. Ukimkuta barabarani, mpite kama hujamwona, labda akusalimie mwenyewe.

Halafu fungua macho. Ukiona anaogopa, hana kauli mbele ya mtu anayemsimamia, au fedha zote zinachukuliwa na mwingine, geuza na toa taarifa polisi. Tangu mwaka 2022, mteja anayejua, au mwenye sababu nzito ya kushuku, kwamba mtu analazimishwa, kisha akaendelea na starehe zake, ametenda kosa la jinai Uholanzi. Kwamba ulilipa haikuokoi. Hata bila hiyo sheria, hebu jiulize: ungelala usingizi kweli?

Mgeni wa jana na mgeni wa mwaka 1995 mlango wao ni mmoja. Wote wanapiga hodi, na mwenye chumba ndiye anayesema karibu.

Wiki ijayo tena, washikaji!